VICHEKO VILIVYOVUKA MPAKA
Kumbukumbu za televisheni ya zamani katika Busia na Tororo

Mtu akitaka kujua mpaka wa Kenya na Uganda ulipita wapi hasa katika miaka ya 1970 na 1980, asiitazame ramani. Awaulize watu wazima wa Busia na Tororo ni nani aliyewachekesha walipokuwa watoto. Jibu halitakuwa jina la mtu wa Kampala. Watamtaja Mzee Pembe, Mzee Tamaa na Kipanga. Waliozaliwa baadaye kidogo watamtaja Mzee Ojwang na Mama Kayai. Na wote kwa pamoja, bila kujali dini wala kabila, watamtaja Leonard Mambo Mbotela. Hawa wote walikuwa watu wa Sauti ya Kenya, Nairobi, na hakuna hata mmoja wao aliyehitaji cheti cha kusafiria ili aingie sebuleni mwa raia wa Uganda.

Makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya kulilia mambo ya kale. Kumbukumbu hizo zina uzito wake, kwani zinahusu Kiswahili, na katika Uganda Kiswahili si lugha tu. Ni kesi ambayo haijamalizika.

MLIMA WA TIMBOROA

Kenya ilianza kutangaza kwa televisheni mwaka 1962. Mitambo ya kwanza iliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, kisha mingine ikajengwa Timboroa, kwenye nyanda za juu zenye kimo cha zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1964 Serikali ililitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi 1989, shirika liliporudia jina la KBC. Televisheni ya Uganda nayo ilizaliwa Oktoba 1963, mwaka mmoja tu baada ya jirani yake, na mwaka 1975 ikaanza kuonyesha picha za rangi wakati wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Kampala.

Mawimbi ya televisheni hayafanani na yale ya redio ya masafa mafupi yanayozunguka dunia. Huenda kama mwanga uendavyo, na hufika pale ambapo jicho la mtu aliyepanda mnarani lingeweza kufika. Kwa hiyo kilichoamua nani atamwona nani hakikuwa sheria ya nchi bali kimo cha mlima. Timboroa ilikuwa juu; Busia na Tororo zipo chini, katika nchi iliyo wazi inayoteremka kuelekea Ziwa Victoria, na mwamba wa Tororo peke yake ndio unaosimama katikati kama nahodha jahazini. Mwenye televisheni alichongoa mwanzi mrefu, akafunga antena kileleni, akaigeuza mashariki na kusubiri.

Kusubiri huko wazee hawajakusahau. Umeme ulikuwa wa wachache, hivyo kijisanduku cha rangi nyeusi na nyeupe kiliendeshwa kwa betri ya gari, na betri hiyo ilipelekwa kuchajiwa mjini juu ya baiskeli, labda mojawapo ya baiskeli zile zile zilizokuwa zikibeba abiria kutoka forodha moja hadi nyingine na kuuzalia ulimwengu neno boda boda. Kijana mmoja alitumwa nje kuuzungusha mwanzi, na waliobaki ndani wakapiga kelele: geuza, rudisha, hapo hapo usiondoke! Picha ikaja, ikaenda, ikajaa chenga. Lakini hata chenga zilipoufunika uso wa mwigizaji, sauti yake mara nyingi ilibaki. Ndiyo maana watu wengi wa Tororo wanawakumbuka waigizaji wao kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Waliijua sauti ya mtu kwa miaka kabla ya kuuona uso wake vizuri.

MATANGAZO YA SABUNI KATIKA NCHI ISIYO NA SABUNI

Huko Marekani wapo watu ambao burudani yao ni kukusanya matangazo ya zamani ya bustani za michezo ya watoto. Bustani ya Disneyland ilipofunguliwa California tarehe 17 Julai 1955, sherehe zilionyeshwa moja kwa moja na kituo cha ABC, na mmoja wa watangazaji wa siku ile alikuwa mwigizaji wa sinema aitwaye Ronald Reagan, yule yule aliyekuja kuwa Rais mwaka 1981. Mtoto wa Kimarekani aliyeyaona matangazo hayo aliweza, baba yake akiwa na fedha, kwenda huko siku moja. Mtoto wa Tororo wa mwaka 1976 aliyaona matangazo ya sabuni ya Omo, mafuta ya Kimbo na siagi ya Blue Band, na kwake hayo ndiyo yaliyokuwa bustani ya mbali.

Msomaji kijana huenda akadhani ninatia chumvi. La hasha. Agosti 1972 Idi Amin aliamuru Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90, na miaka iliyofuata maduka na viwanda vilivyogawiwa vilikufa kimoja baada ya kingine. Sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia viliadimika. Wakati huo huo, jioni kwa jioni, mawimbi kutoka mashariki yalimwonyesha mama wa nyumbani mwenye uso mkunjufu akifua nguo zikawa nyeupe, akipaka mkate siagi, akikaanga kwa mafuta tele. Kwa mtu wa Nairobi hayo yalikuwa matangazo ya biashara. Kwa mtu wa ng'ambo ya huku yalikuwa habari kutoka nchi nyingine, na hakuna mhariri aliyekusudia kuzitoa. Hapana shaka kwamba serikali nyingi hutumia fedha nyingi kuwaeleza watu wa jirani jinsi zilivyofanikiwa; Kenya iliifanya kazi hiyo kwa tangazo la sabuni bila kujua.

Bidhaa hizo zilivuka. Zilivuka kwa njia za panya, usiku, kichwani na juu ya baiskeli, katika biashara ile ambayo Uganda nzima iliiita magendo. Kahawa ilikwenda mashariki na sabuni ikaja magharibi. Kopo la mafuta ya kupikia lenyewe halikutupwa likiisha. Liligeuzwa kipimo cha nafaka sokoni, kipimo kinachoitwa gorogoro, na watoto waliyatumia makopo kutengenezea magari ya kuchezea. Hata sasa, anayenunua mahindi katika masoko ya mpakani atasikia bei ikitajwa kwa gorogoro. Watengenezaji wa tangazo wangeweza kujivunia: kopo lao limedumu kuliko wimbo wao.

LAFUDHI YA MZEE OJWANG

Tuwarudie waigizaji wenyewe, kwani hapo ndipo penye utamu.

Mchezo wa Vioja Mahakamani ulikuwa na wazo jepesi sana. Kulikuwa na hakimu, mwendesha mashtaka na mshtakiwa ambaye alikuja na visingizio vyake. Kila mshtakiwa alizungumza Kiswahili cha kwao. Mluhya alikuwa na chake, Mjaluo chake, Mkalenjini chake. Vitimbi, uliopata umaarufu katika miaka ya 1980, uliupeleka utaratibu huo nyumbani, katika familia ya Mzee Ojwang na Mama Kayai. Mama Kayai alikuwa Mary Khavere. Mzee Ojwang, yule mzee wa Kijaluo mwenye maneno mengi na hekima ya kujitungia, jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu.

Jambo hili lilikuwa na maana yake Tororo. Wenyeji wa huko, Wajapadhola, lugha yao ina undugu na Kijaluo; Wateso wapo pande zote mbili za mpaka; kule Busia Wasamia wamekatwa katikati na mstari uliochorwa na watu wasiowaona. Hakuna lugha ya mama iliyotosha kuwakusanya wote hao mbele ya sanduku moja. Kiswahili kilitosha. Tena hakikuwa Kiswahili cha Mombasa wala cha Unguja kilichonyooka kama rula, bali Kiswahili kilichochanika na kushonwa upya, kama kile walichokizungumza wao wenyewe sokoni. Mtu aliyekuwa akiona haya kwa lafudhi yake aliisikia lafudhi hiyo ikitoka Nairobi na nchi nzima ikicheka pamoja naye. Wapo wataalamu wa lugha waliolalamika kwamba michezo hiyo iliharibu Kiswahili. Huenda. Mimi naona iliwapa watu wa kawaida ruhusa ya kukisema.

Mbotela alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Kipindi chake Je, Huu ni Ungwana? kilianza 1966 na kikadumu zaidi ya nusu karne, kikiuliza swali hilo hilo moja juu ya mwenye kutema mate njiani, mwenye kusukuma watu kwenye foleni, mwenye kumtembelea jirani wakati wa chakula. Nimewasikia wazee wa Busia wakiwakemea wajukuu wao kwa jina la kipindi hicho, na wajukuu hawajui maneno hayo yametoka wapi. Alifariki tarehe 7 Februari 2025.

MANENO MAWILI YA KISWAHILI

Hapa napaswa kusema jambo ambalo kwa kawaida mtu wa kazi yangu hulizunguka.

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam "panda gari", atakushukuru kwa kumpa nafasi. Mwambie maneno hayo mzee wa Kampala aliyeishi katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980. Panda gari lilikuwa jina la msako: askari walizingira mtaa, wakawatoa watu nje, wakawapakia katika malori, na wengine hawakurudi. Maneno mawili ya kawaida kabisa yaligeuka jina la hofu. Kabla ya hapo, chini ya utawala wa Amin aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, raia wengi walikisikia kizuizini barabarani tu, kikitoka nyuma ya bunduki: simama, toa kitambulisho, lala chini. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles, na jeshi lilipooza, lugha ilioza machoni pa watu pamoja nalo. Sisi tuliovaa magwanda baadaye tuliirithi lugha pamoja na sifa yake. Katika chuo cha makadeti Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride na ya adhabu, na ofisa kijana anayetumwa kuzungumza na wananchi hugundua mapema kwamba katika wilaya fulani salamu yake ya Kiswahili huwafanya akina mama wawavute watoto wao karibu.

Mashariki si hivyo. Ofisa akishuka Tororo karibu na kambi ya Rubongi, au akisimama soko la Sofia huko Busia, akisalimu kwa Kiswahili atajibiwa kwa Kiswahili, na huenda akataniwa. Sababu ziko nyingi: reli iliyoleta wafanyakazi wa kila kabila katika makutano ya Tororo, biashara ya mpakani, ndoa, shule. Lakini wazee wenyewe, ukiwauliza walijifunzia wapi, hawaanzi na reli. Huanza na Mzee Pembe. Nao pia waliishi chini ya Amin na katika vita vilivyofuata, wakavisimamia vizuizi vile vile na kuamriwa kwa maneno yale yale; tofauti ni kwamba jioni walirudi nyumbani wakayasikia maneno ya lugha hiyo hiyo yakimfanyia hakimu mzaha. Lugha haikupata nafasi ya kuwa mali ya mwenye bunduki peke yake.

Siasa za nchi hizi mbili hazikusaidia. Mwaka 1976 Amin alidai kwamba sehemu za magharibi ya Kenya ni za Uganda, na uhusiano ukachafuka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika. Desemba 1987 risasi zililia mpakani Busia kati ya majeshi ya nchi mbili, na mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa. Malori yalisimama, boda boda zikasimama. Mawimbi ya Timboroa hayakuwa na kizuizi.

Wala isidhaniwe kwamba upande wa mashariki sauti hizo zilikuwa salama daima. Tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi wa Jeshi la Anga la Kenya walimchukua Mbotela nyumbani kwake na kumpeleka studioni awatangazie wananchi kwamba serikali imepinduliwa. Uasi huo ulizimwa siku ile ile. Lakini waasi walijua walichokuwa wakikifanya: walikuwa na sauti zao wenyewe, na bado walikwenda kumtafuta mtu wa ungwana, kwa kuwa ndiye aliyeaminiwa.

KANDA ZIKO WAPI?

Swali gumu ni je, nini kimesalia? Mashirika ya utangazaji ya zamani, Afrika na kwingineko, yalikuwa na desturi moja: kanda ilikuwa ghali, hivyo kipindi kikishaonyeshwa kanda ilifutwa na kutumiwa tena. Hata BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vingi vya mchezo wake maarufu Doctor Who vya miaka ya 1960. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa kati ya vile vilivyopotea vimepatikana, na mahali vilipopatikana palikuwa rafu ya kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Kilichofutwa London kilikuwa kimelala Afrika muda wote huo.

Uganda nayo ina mfano wake. Mwaka 2015 katika ofisi za UBC, shirika lililoundwa 2005 kwa kuunganisha Redio Uganda na televisheni ya taifa, lilikutwa kabati lenye filamu za picha zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za wakati wa Amin. Zilianza kuhifadhiwa kwa mitambo ya kisasa mwaka 2018, na mwaka 2019 baadhi yake zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo picha hizo ni za wakubwa: Amin akihutubia, Amin akipokea wageni. Nani ameyahifadhi matangazo ya sabuni? Nani anazo sauti za wachekeshaji?

Waigizaji wenyewe wanatutoka. Mzee Ojwang alifariki Julai 2015, baada ya maradhi ambayo yaliwafanya mashabiki wamchangie fedha za matibabu, jambo la heshima kwa mashabiki na la aibu kwa waliokuwa wakilipwa na makampuni kwa ajili ya uso wake. Mwaka huo huo wa 2015 Kenya ilizima mitambo ya analojia, na Uganda ikaanza kufanya vivyo hivyo. Mitambo ya dijitali ina picha safi, lakini haijui kuchechemea. Mawimbi yakiwa hafifu, hakuna chenga wala sauti ya mbali. Kioo huwa cheusi. Ile hali ya kusikia nusu ya jirani yako ukakisia nusu iliyobaki haipo tena.

Rika langu lina kumbukumbu zake, nazo tayari zinachakaa. Tulikuwa shuleni wakati kituo cha WBS, ambacho sasa hakipo, kilipokuwa kikitazamwa na kila mtu, na wakati bustani ya Didi's World ya Kansanga, Kampala, ilipokuwa ndoto ya kila mtoto wa wilayani mwaka mzima. Jina la bustani hiyo nalo likapotea. Watu wa umri wangu wanapokutana huyatafuta matangazo hayo katika simu zao na kuyakosa, nao hawajatimiza hata miaka 40.

Vipindi kadhaa vya zamani vya Vioja na Vitimbi vinapatikana katika mtandao, na ni jambo jema. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule, na walimu wanalalamikia uhaba wa vitabu. Sioni kwa nini kesi moja ya Vioja isisikilizwe darasani Gulu au Masaka, mahali ambapo babu na bibi wa wanafunzi waliisikia lugha hii kwanza kwenye kizuizi.

Kwa upande wa Busia na Tororo ipo kazi inayoweza kuanza bila bajeti ya wizara. Katika miaka ya 1980 na 1990 walimu, wafanyabiashara na watu wa misheni walinunua mashine za VHS, na baadhi yao walirekodi vipindi vya jioni pamoja na matangazo yake yote, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kusimamisha kanda wakati wa tangazo. Wengine walirekodi sauti peke yake kwa redio kaseti iliyowekwa mbele ya televisheni. Kanda hizo ziko chini ya vitanda na juu ya makabati. Hewa yenye unyevu huziotesha ukungu, na kanda yenye ukungu ikitiwa katika mashine hukatika na kuichafua mashine yenyewe. Isichezwe kwanza. Ifutwe vumbi kwa nje, iwekwe wima mahali pakavu pasipo jua, mbali na spika kwa sababu ya sumaku, na iandikwe juu yake mwaka na jina la kipindi na mtu anayekumbuka, maadamu yungali hai.